Mtoto wa Pili Katika Mwaka wa Kiangazi

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Somo: Mwanzo 41:46–52)

 

Sisi tunaozungumza nanyi asubuhi ya leo tu mume na mke, washirika wa kanisa hapa Kalemng'orok, pale barabara kuu itokayo Kitale inapopita baada ya Kainuk na kabla ya kufika Lokichar. Mmoja wetu hufundisha watoto wadogo, na mwingine hufuga mbuzi. Tuliombwa tuseme juu ya malezi. Tulipokaa kufikiri, tuliona kwamba hatuna ujuzi mwingi wa kuwafundisha wengine. Tuna jambo moja tu lililotupata, nasi twalisimulia pamoja kwa sababu lilitupata pamoja.

Jambo lenyewe ni hili. Tulipojua kwamba tutapata mtoto wa pili, hatukufurahi.

La, hivyo si kweli kabisa. Tulifurahi, na tena hatukufurahi. Tulishukuru asubuhi na kulalamika jioni. Mioyo yetu ilikuwa kama nyumba yenye wageni wawili wasiosalimiana.

Jambo hili si rahisi kulitamka katika sehemu zetu. Miaka ya mwisho ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wapatao 8. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wastani wa nchi nzima umeshuka hadi 3.4. Lakini hapa Turkana, katika uchunguzi wa mwaka 2014, ulikuwa bado karibu 7. Basi mtu wa hapa akisema, "Naogopa mtoto wa pili," watu watacheka. Watamwuliza, "Wa pili tu? Mama yako alizaa wangapi?" Na wengine watamwambia kwamba amepungukiwa na imani. Kwa hiyo watu hunyamaza. Sisi pia tulinyamaza, na kimya kile nusura kitudhuru kuliko hofu yenyewe.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka 2019. Wengi wenu mnaukumbuka mwezi ule. Mvua ilinyesha kupita kiasi, maporomoko ya ardhi yakaua watu huko Pokot Magharibi, na barabara ya Kitale ikakatika. Hapa kwetu mito ya mchanga ilijaa maji, na mbuzi walikula majani hata wakachoka. Desturi ya Waturkana ni kumpa mtoto jina kutokana na mambo ya siku aliyozaliwa, na aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Ekiru au Akiru. Basi mtoto wetu alipata jina la mvua. Kuzaliwa kwake kulikuwa kugumu. Mama alipoteza damu nyingi, na kwa siku mbili tuliomba bila kulala. Lakini Mungu alimwinua, na mtoto akanenepa.

Kisha mvua ikakoma. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Tulikuwa na mbuzi wengi wa kututosha. Wakapungua mmoja mmoja, hata ikawa kila asubuhi tunawaamsha wengine kwa kuwashika mkia na pembe ili wasimame.

Mwezi wa Machi mwaka 2022, mhudumu wa afya wa kijiji alipita na utepe wa kupimia mkono. Mnaufahamu utepe ule wenye rangi tatu. Kijani ni mtoto mzima. Nyekundu ni hatari, maana mkono uko chini ya sentimita 11.5. Manjano iko katikati, na mtoto wetu wa mvua alisimama pale kwenye manjano. Tukaandikiwa pakiti za karanga za kumpa kila siku. Wiki ile ile, zahanati ikatuambia kwamba mama ni mjamzito.

Majirani walikuja kutupongeza. "Mungu amewabariki!" Tukajibu, "Amina." Midomo yetu ilikuwa mikavu.

Mmoja wetu, yaani mama, alikuwa na hofu zake. Mtoto wa kwanza alikuwa bado akinyonya usiku, na sasa watu walisema kwamba maziwa ya mjamzito humgeukia mtoto sumu, aachishwe upesi. Akajiona kama mtu anayemnyang'anya mtoto mgonjwa chakula chake ili ampe mgeni asiyemjua. Tena aliikumbuka damu ya mara ya kwanza. Na chini ya hayo yote palikuwa na swali ambalo hakuthubutu kulisema hata katika maombi: Je, nitampenda huyu kama ninavyompenda yule?

Mwingine wetu, yaani baba, alifurahi kwanza. Alisema moyoni kwamba sasa mtoto atapata ndugu wa kumsaidia malishoni. Kisha akahesabu mbuzi waliobaki, akaacha kufurahi. Akaona aibu, kwa kuwa mwanamume hapaswi kuogopa mtoto wake mwenyewe. Akaanza kukaa na mifugo siku nyingi zaidi kuliko ilivyohitajika.

Tulikaa hivyo karibu mwezi mzima. Tuliomba pamoja kila jioni maneno mazuri, kisha tukalala tumepeana migongo.

Siku moja kabla ya mapambazuko tulikwenda mtoni kuteka maji. Ninyi mnaojua kiangazi mnajua jinsi visima vya mchangani vinavyozidi kwenda chini. Baba aliingia shimoni kwa sababu mama alikuwa mjamzito, akawa anachota na kupandisha maji kidogo kidogo. Palikuwa na giza, na hatukuonana nyuso. Ndipo aliyekuwa juu akasema kwa sauti ndogo, "Baba yake, huyu mtoto simtaki. Wala sitaki afe."

Aliyekuwa shimoni alinyamaza. Maji yalikuwa yanatoka polepole. Kisha akajibu, "Hata mimi naogopa. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Basi. Hatukusema zaidi ya hayo. Lakini tuliporudi nyumbani tulitembea sambamba, na tangu siku ile maombi yetu yalibadilika. Tuliacha kumwambia Mungu mambo ambayo tulidhani anataka kuyasikia, tukaanza kumwambia yaliyokuwapo.

Wapendwa, je, tulitenda dhambi kwa kusema vile? Tulichunguza Maandiko, tukamkuta Rebeka katika Mwanzo sura ya 25. Mama huyu alikaa miaka mingi bila mtoto, na mumewe akamwombea. Alipopata mimba, watoto wakashindana tumboni mwake. Naye hakujifanya kuwa mwenye furaha tupu. Aliuliza kwa nini mambo yako hivyo, akaenda kumwuliza Bwana mwenyewe. Wala hatusomi kwamba Bwana alimkemea. Twasoma kwamba alimjibu. Hofu inayopelekwa kwa Mungu si kutokuamini. Mtu asiyeamini hana wa kumpelekea.

Tulikwenda pia kwa mama mzee mmoja wa kanisa letu, aliyezika watoto na kulea wengine. Tulitazamia atuhubirie. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, leo umekula nini?" Tukakaa kimya, maana mama hakuwa amekula. Yule mzee akasema, "Hofu yenu mwachieni Mungu. Mtoto aliye tumboni hali hofu, anakula kile anachokula mama yake. Anzieni hapo." Akasonga ugali kidogo, tukala kwake.

Kesho yake tulikwenda zahanati, sote wawili. Watu walishangaa kumwona mwanamume amekaa katika benchi la akina mama. Muuguzi alitueleza kwamba maziwa ya mjamzito hayageuki kuwa sumu. Jambo la lazima ni mama ale zaidi, na mtoto apewe uji na pakiti zake. Akampa mama vidonge vya kuongeza damu. Akaandika katika kitabu habari za damu iliyopotea mara ya kwanza, akasema kwamba safari hii asizalie nyumbani kwa vyovyote. Akatueleza tena kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, ili mwili wake upate nguvu na mtoto aliye mgongoni apate haki yake. Sisi tulikuwa tumepita miezi hiyo kidogo. Alisema wengi hawafiki, na akina baba hawaji kusikia.

Kisha tukafanya jambo lililomwuma baba sana. Tuliuza mbuzi. Tuliwauza wakiwa bado na nyama kidogo, kabla hawajawa ngozi na mifupa, na kwa fedha zile tukanunua unga, maharagwe na mafuta. Wazee wengine walitulaumu. Walisema mfugaji haliuzi kundi lake. Lakini wiki chache baadaye mbuzi wa wengi walikufa bila kuuzwa, nasi tulikuwa na gunia nyumbani.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Oktoba mwaka 2022, usiku, katika zahanati, mikononi mwa muuguzi. Damu haikumwagika kama mara ya kwanza. Mawingu yalikuwako mbali, lakini mvua haikunyesha. Ule ulikuwa msimu wa tano.

Sasa tuwaambie neno ambalo wazazi wengi hulificha. Tulipompokea mtoto yule, tulishukuru kwamba mama yu hai, lakini tulimtazama mtoto kama mgeni. Mama alimnyonyesha, akamwosha, akamfunika, akafanya yote yapasayo, na moyo wake ukakaa kimya. Tulidhani jambo lile tuliloliogopa limetokea.

Siku ya tisa au ya kumi, mama alikuwa ameketi kivulini na mtoto mchanga mapajani. Yule wa mvua, ambaye mkono wake ulikuwa umepanda kwenye kijani na kushuka tena kwenye manjano, alikuwa akila pakiti yake ya karanga. Alisimama, akaja, akatia kidole ndani ya pakiti, akakipeleka kwenye mdomo wa mdogo wake. Mama akamshika mkono upesi, maana mtoto mchanga hapaswi kupewa kitu chochote ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita. Mkubwa akatazama juu akashangaa, kidole bado kina karanga. Yeye alikuwa na njaa kuliko sote, na hakuwa amefanya hesabu yoyote. Mama akacheka, kisha akalia, kisha akawakumbatia wote wawili. Baba alikuta mambo hayo aliporudi kutoka mtoni, naye hakuuliza kitu. Aliketi pamoja nao.

Tangu siku ile tulielewa kitu, nacho twapenda kuwapa ninyi. Kisima cha mchangani si tangi. Ukichota kikombe kimoja shimo huwa tupu, nawe husema yamekwisha. Ngoja kidogo, maji hutoka ubavuni, polepole, yakajaa tena. Na kisima kisichotekwa huzibwa na mchanga. Upendo wa wazazi ni kama kisima kile. Tulidhani upendo wetu ni tangi lililojazwa mara moja, na kwamba mtoto wa pili atakunywa fungu la wa kwanza. Haikuwa hivyo. Ulitoka mahali ambapo sisi hatukupaona, kidogo kidogo, siku kwa siku.

Lakini, ndugu wapendwa, tusidanganyane. Upendo ni kisima, ila uji si kisima. Uji wa sufuria moja ukigawiwa watoto wawili, kila mmoja hupata nusu. Mtu akikuambia, "Zaa tu, Mungu atalisha," amesema nusu ya neno.

Nusu nyingine tunaiona kwa Yusufu. Tazameni somo letu. Yusufu alipata wana wawili huko Misri, wote kabla ya njaa kuja. Wa kwanza alimwita Manase, jina la kusahau taabu zake. Wa pili alimwita Efraimu, jina la kuzaa matunda katika nchi ile ile ya mateso. Kumbukeni kwamba Yusufu alijua njaa inakuja. Yeye ndiye aliyeifasiri ndoto ya Farao. Alipompakata mtoto wa pili alijua hakika kwamba kijana huyu ataikuta miaka saba ya ukame. Hata hivyo hakumpa jina la njaa. Na katika sura ile ile, mistari michache tu kabla ya kuzaliwa watoto hao, twasoma kwamba Yusufu alikuwa akizunguka nchi nzima akiweka akiba ya nafaka mijini, nyingi kama mchanga wa bahari. Kwa mdomo alimpa mtoto jina la tumaini, na kwa mikono alijaza ghala. Imani yake haikumzuia kuhesabu magunia, wala magunia hayakumzuia kumshukuru Mungu kwa Efraimu.

Wakati wa kumpa jina mtoto wetu ulipofika, jamaa wengine walitaka aitwe jina la kiangazi, maana ndiyo desturi na ndiyo siku alizozaliwa. Hatukubishana nao kwa ukali, kwa kuwa ni wakubwa wetu. Tuliwasomea habari za Yusufu. Nyanya yake mtoto alisikiliza, akasema, "Basi mpeni la matunda." Jina lenyewe ni lake na letu, hatutalitaja redioni. Maana yake ninyi mmekwisha kuijua.

Mvua ilirudi mwaka 2023. Mtoto wa kiangazi alianza kutambaa katika matope ya mwezi wa Mei. Leo wao wawili hugombana kutwa nzima, na usiku hulala wameshikana. Hatusemi kwamba kila hofu yetu imekwisha. Twasema tu kwamba hatuibebi tena kwa siri.

Basi tuna maneno matatu ya kuwaachia.

Kwenu mume na mke mnaotazamia mtoto na mioyo yenu ina mambo mawili: semezaneni. Msingoje hofu igeuke kuwa hasira. Kisha mwambieni Mungu kama Rebeka, bila kupamba. Kisha nendeni zahanati wote wawili, mkaulize juu ya afya ya mama na juu ya kupanga muda kati ya mtoto na mtoto. Kwenda huko si kumkosea Mungu. Ni kazi ya ghala.

Kwenu wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika: mtu akija kwenu na hofu kama yetu, msimwahi kwa mistari. Mwulizeni kwanza amekula nini. Baadaye mtamsomea.

Na kwenu mliolia kwa ajili ya mtoto wa pili naye hakuja, au mliyempata na kumzika: hatukuwasahau tulipokuwa tukinung'unika. Twajua kwamba manung'uniko yetu yangekuwa nyimbo kwenu. Nyumba yenye mtoto mmoja si nusu ya nyumba, na nyumba isiyo na mtoto haikusahauliwa na Bwana. Tuombeeni, nasi twawaombea.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe wajua mioyo yetu ilivyo na mambo mawili kwa wakati mmoja, wala huichukii. Wakumbuke akina mama ambao asubuhi hii wamejua kwamba wana mimba, nao hawajui wacheke au walie. Wape waume wa kuketi nao. Uwaponye watoto ambao mikono yao imekonda. Utupe mvua kwa wakati wake, na utupe akili ya kuweka akiba mvua ikija. Utufundishe kuwapa watoto wetu majina ya tumaini, na kuwapikia uji. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.